Presha Inashuka kwenye Trekta la Baba

2 Septemba

Kwako mdogo wangu,

Usishangae kuona mwandiko wangu. Namba yako ya simu ninayo, shemeji yako alinipa, lakini sauti yako siitaki masikioni. Nimekaa miaka kumi na mmoja bila kuisikia na sijafa.

Nakuandikia kwa sababu trekta la baba linaumwa na mafundi wa huku ni waongo watupu. Likiwashwa asubuhi, geji ya oili inapanda vizuri, hamsini na kitu. Likishalima nusu saa sindano inaanza kuteremka: arobaini, ishirini, kumi. Ikifika kumi nazima, maana najua injini bila oili ni chuma kinachokula chuma. Nimemwaga oili nikatia nyingine, nzito zaidi. Nimebadilisha filta. Hakuna nafuu. Fundi wa kwanza alisema beringi zimekwisha, injini ifunguliwe yote. Wa pili alisema pampu imekufa, na alipoanza kucheka nilimfukuza kwa nyundo yake mwenyewe. Nilimpata bega.

Mvua imebakiza wiki tano. Nisipolima sasa, mwaka huu tutakula majani.

Jambo la mwisho. Dereva ni yule yule wa tangu enzi za baba, aliyekufundisha wewe kukanyaga klachi. Siku hizi ana maneno. Jirani wa ng'ambo ya bwawa kanunua trekta jipya na anamtaka. Dereva aliniomba ruhusa aende, nikakataa. Wiki ile ile presha ikaanza kushuka. Wewe ulijifanya una akili shuleni, jumlisha mwenyewe.

Jibu kwa kifupi. Salamu sihitaji.

Kaka yako mkubwa


7 Septemba

Kaka,

Salamu nakupa hata kama huzihitaji. Mama ndivyo alivyotulea, wewe na mimi, kwa fimbo moja.

Nisikilize hatua kwa hatua, usiruke. Kwanza, usiiamini geji. Geji nayo huzeeka na kuanza kusema uongo. Azima nyingine, ifunge kwenye tundu lile lile ubavuni mwa injini, uone kama zote mbili zinasema neno moja. Pili, chomoa kijiti cha oili, sugua oili kati ya vidole, halafu inuse. Ikinuka dizeli na kuteleza kama maji, basi dizeli inavuja ndani na kuilainisha, na hapo hata utie oili ya dhahabu presha haitakaa.

Tatu ndiyo kubwa. Ikishuka hadi kumi, zima. Kaa dakika kumi, usifungue chochote, halafu washa injini ikiwa bado ya moto. Niandikie geji itasoma ngapi. Beringi zilizolika hazipati nafuu kwa kupumzika dakika kumi. Kama presha inarudi hamsini, ugonjwa uko kwingine kabisa, na wale mafundi walikuwa wanakutibu kichwa wakati unaumwa tumbo.

Kuhusu dereva. Yule mtu alinibeba begani nilipokuwa sijui hata kufunga vifungo. Kachunguze mtambo kabla hujamchunguza mtu. Unajua kwa nini nasema hivyo. Siku trekta liliposerereka likabomoa ghala, hukuuliza nani aliliacha bila breki. Ulimwona wa karibu, ukamvunja. Mkono wangu wa kushoto mpaka leo haunyooki. Nikifunga nati ya juu napanda kwenye kreti la soda, na vijana wa gereji yangu wananicheka.

Mdogo wako


12 Septemba

Mdogo wangu,

Geji ya kuazima inasema sawa na yetu. Oili hainuki dizeli. Nimezima ilipofika kumi, nikakaa dakika kumi juu ya tairi jua likinichoma, nikawasha. Hamsini na mbili! Nikalima tena nusu saa, ikashuka tena. Nimerudia mara tatu. Dereva alikuwa anaangalia pembeni, hasemi kitu. Mtu asiye na hatia anasema kitu.

Mkono wako usiniletee kwenye habari za trekta. Yaliyopita si ndwele.

Niambie ni nini. Kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Kaka yako


16 Septemba

Kaka,

Naandika huku nimesimama, kuna lori la mzigo linanisubiri na mwenyewe anapiga honi kama kichaa.

Habari ni njema. Beringi ni nzima, pampu ni nzima. Chini kabisa ya injini kuna sampu, lile bakuli la oili. Humo ndani pampu ina mdomo, na mdomoni ina chujio la waya. Kuna kitu kimeingia kwenye sampu ambacho si cha humo. Injini ikifanya kazi, pampu inakivuta pamoja na oili mpaka kinaziba chujio, kama jani kwenye mdomo wa bomba. Ukizima, kinaachia na kuzama chini. Ndiyo maana ikipumzika inapona.

Mwaga oili, fungua sampu, angalia. Inaweza kuwa kitambaa, kipande cha gasketi ya kuzibia maungio, chochote kile ambacho mtu amekiacha humo. Ni kazi ya asubuhi moja.

Mdogo wako


21 Septemba

Mdogo wangu,

Barua yako imefika na imenitosha. "Kitu ambacho si cha humo." "Mtu amekiacha humo." Nimeisoma mara tatu ili nisimwonee mtu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Miaka ishirini na mitano anakula kwetu, anaamkia kwetu, kumbe anaua injini yangu taratibu akamfuate yule wa ng'ambo ya bwawa na mikono mitupu, aseme trekta lilijifia.

Jambo la dereva nimeshalimaliza. Sampu nitaifungua nikipata nafasi.

Umenisaidia. Sikutegemea.

Kaka yako


23 Septemba

Shemeji,

Kaka yako hajui kama nakuandikia. Nimejificha nyuma ya tangi la maji na karatasi hii nimeichana kwenye daftari la chanjo za ng'ombe. Nitampa utingo wa lori la mazao mwenyewe, mkononi.

Alikuandikia kwamba jambo la dereva amelimaliza. Ngoja nikueleze alivyolimaliza.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Alisoma barua yako mlangoni mwa banda la trekta, midomo inamcheza. Dereva alikuwa chali chini ya jembe anakaza bolti. Kaka yako alimvuta miguu akamtoa nje kama mtu anayetoa gunia.

"Umetia nini kwenye sampu yangu?"

"Bosi, sampu gani tena?"

"Jirani kakuahidi nini?"

Dereva akakaa, akajifuta vumbi machoni, akasema, "Mimi nilikuona wewe..." Neno halikuisha. Ngumi ilimkuta mdomoni. Akaanguka, akajaribu kusema tena, akapigwa tena, akajaribu mara ya tatu. Halafu kaka yako akaokota mtaimbo.

Shemeji, nimekulia kwenye nyumba ya mchinjaji. Mifupa naijua sauti yake. Ile ya goti la dereva sikuwahi kuisikia. Nilidhani pigo moja limemtosha. Akampiga la pili, pale pale. Nilimrukia mgongoni nikamng'ata sikio. Alinirusha nikagonga gurudumu, nikaokota jino langu kwenye nyasi. Alipomaliza alikwenda kunawa, akawaita polisi, akawaambia amekamata mharibifu wa mali. Sasa dereva yuko wodini, mguu kwenye plasta mpaka kiunoni, mkono wa kulia umefungwa pingu kitandani. Akipona anapelekwa mahakamani.

Leo ndiyo kaka yako amefungua sampu. Mimi ndiye niliyemshikia karai. Oili ilipokwisha kumwagika alishusha bakuli, akachungulia. Kwenye chujio kulikuwa na nyuzi nyekundu, laini, zimejikunja kama minyoo. Nyingine zimelala chini ya bakuli. Hakuna mchanga. Hakuna kitambaa.

Wekundu ule naujua. Mwezi wa tano sampu ilivuja. Aliifungua mwenyewe, akapaka gundi ya gasketi, ile nyekundu ya tyubu, akaimaliza yote. Nilimwambia, "Mume wangu, si nyingi hiyo?" Akasema mwanamke anajua nini na gasketi. Kumbe iliyozidi ilibanwa ikaingia ndani, ikakauka, ikakatika.

Alikaa akiziangalia mpaka oili ikamkaukia mikononi. Halafu akanitazama. "Hujaona kitu," akasema. Akazitupa kwenye takataka.

Nimeziokota. Ziko kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati, nyuma ya picha ya mama mkwe. Niambie nifanye nini. Yule mtu atafungwa kwa gundi.

Shemeji yako


27 Septemba

Kaka,

Utingo wa lori kanipa habari za dereva. Siku mbili sijashika spana.

Nilikuandikia "mtu amekiacha humo" nikiwa na haraka, bila kufikiri nani anasoma. Sehemu yangu naibeba. Wewe beba yako.

Injini ile tuliifunga mimi na baba kwa gasketi ya karatasi. Hakuna aliyeigusa ila wewe, kwa sababu wewe humruhusu mtu kugusa spana ya baba. Dereva hajawahi kufungua hata kofia ya rejeta bila ruhusa yako. Basi kama umekuta gundi nyekundu humo ndani, kuna mkono mmoja tu ulioipaka.

Nenda polisi. Sema ulichokikuta. Umeshamvunja mguu mtu, usimvunjie na jina. Usipokwenda ndani ya wiki hii, nitafunga gereji na kuja kusema mwenyewe, na safari hii sina umri wa kulia.

Mdogo wako


1 Oktoba

Wewe,

Nilisema lini gundi? Nilisema lini nyekundu? Katika barua zangu zote tafuta neno hilo ukilipata nikate kidole. Utingo wa lori hajui rangi ya vitu vilivyo ndani ya sampu yangu.

Aliyekuandikia namjua. Analala kitanda kimoja na mimi. Nikishafunga bahasha hii nakwenda kuzungumza naye.

Na wewe ukikanyaga hapa, huo mkono wa pili nao hautanyooka.

Hakuna saini. Unajua ni nani.


11 Oktoba

Mdogo wangu,

Naandika nikiwa mahabusu. Kalamu ni ya askari, anaitaka jioni. Najua siku kumi hizi umezimaliza vipi. Shemeji yako ni mzima. Nianze na hilo.

Nilipofunga ile bahasha niliingia ndani kumtafuta. Hakuwepo. Picha ya mama imelazwa kifudifudi juu ya kabati. Nikajua kulikuwa na kitu nyuma yake, na nikajua kimekwenda wapi. Nilichukua mtaimbo nikatembea mpaka hospitali, saa nzima kwa miguu, watu wananipisha njia. Maisha yangu yote watu wamenipisha njia na mimi nikadhani ni heshima.

Wodi ina vitanda vinane. Askari wa zamu alikuwa ametoka kunywa chai. Shemeji yako amekaa kwenye stuli, kopo mapajani. Dereva ndiye aliyeniona kwanza.

Mdogo wangu, yule mtu alijaribu kukimbia. Kukimbia wapi, mguu uko kwenye plasta na mkono umefungwa pingu? Alijirusha upande wa pili wa kitanda, pingu ikamkamata, akabaki ananing'inia kwa kifundo cha mkono kama nguo kwenye kamba. Mkono mwingine kaufunika uso. Akajikojolea. Mtu wa miaka hamsini na sita, mbele ya watu.

Shemeji yako hakulia wala hakupiga kelele. Alisimama katikati yetu, akafungua kopo, akanimwagia zile nyuzi kifuani. Zilinata kwenye shati.

"Maliza," akasema. "Lakini anza na mimi, maana mimi ndiye niliyekuona unazipaka."

Nataka nikuandikie kwamba moyo uliyeyuka pale pale. Nitakuwa nakudanganya. Mtaimbo niliuinua. Nilikuwa nachagua bega lipi. Kitanda cha jirani kulikuwa na mzee hana jino hata moja, akauliza kwa sauti, kwa utaratibu kabisa, "Huyu bwana anapigana na nani? Na gundi?"

Mmoja akacheka. Halafu mwingine. Wodi nzima, watu wenye mishono tumboni, wanacheka huku wanajishika. Dereva peke yake ndiye ambaye hakucheka, bado kajifunika uso. Nilimwangalia yeye, nikaziangalia zile nyuzi kwenye shati langu. Nilisikia mtaimbo ukigonga sakafu kabla sijajua nimeuachia.

Askari aliporudi nilimwambia, "Mfungue huyo. Hiyo pingu ni yangu." Alidhani nimelewa. Nikarudia. Nikamweleza sampu, gundi, goti, kila kitu.

Kabla hawajanitoa nilimuuliza dereva, siku ile pale bandani ulitaka kusema nini? Shemeji yako alikuwa anambadilishia shuka. Dereva akasema, "Nilitaka kusema nilikuona wewe ukipaka gundi nyingi, labda tuangalie hapo kwanza. Nilitaka tuifungue pamoja."

Basi.

Kuna jambo jingine na wewe. Baba alipokuwa anakufa alinishika mkono akaniambia kwamba siku trekta liliposerereka, breki alisahau yeye. Alinituma nikuambie. Nimekaa na ujumbe huo miaka tisa. Kila nikitaka kukuandikia nilikuwa naona kwanza mkono wako, halafu namwona aliyeuvunja, halafu naweka kalamu chini. Ilikuwa rahisi zaidi kukuchukia.

Sikuombi kitu. Shamba halijalimwa, sampu iko wazi, na shemeji yako yuko peke yake. Hilo ndilo nililokuwa nataka kusema.

Kaka yako


3 Novemba

Kaka,

Nimefika nyumbani tangu tarehe kumi na saba. Nilikuwepo mahakamani siku ya hukumu, nilikaa nyuma. Nilikusikia ukikubali makosa kabla hakimu hajamaliza kuyasoma, mpaka akakwambia usubiri zamu yako. Hukuniona na sikutaka unione.

Trekta ni zima. Nilitoa sampu, nikakwangua gundi yako yote kwa wembe, kazi ya siku nzima, ulipaka kama mtu anayezika maiti. Chujio nimelisafisha kwa dizeli na brashi. Gasketi nimekata ya karatasi. Pampu nimeifungua vilevile, iko sawa. Sasa linalima asubuhi mpaka jua linapokuwa kichwani na geji haishuki chini ya arobaini na tano.

Mvua imechelewa karibu wiki nne, tukaponea hapo. Nililima kwanza shamba la dereva. Watoto wake walimtoa nje na kiti, akakaa ukingoni ananielekeza kwa fimbo kama zamani, "Shusha jembe! Nani kakufundisha wewe?" Halafu akakumbuka ni yeye. Akacheka kidogo. Goti halitakunjika tena, daktari kasema. Klachi ya trekta, yetu au ya jirani, hataikanyaga. Aliniuliza umefungwa muda gani. Nikamwambia mwaka mmoja na miezi sita. Akasema, "Mimi nimefungwa maisha," akarudi kuangalia jembe. Nikashusha jembe, nikaendelea.

La kwetu tumemaliza jana. Nusu ya mwisho kalima shemeji. Nimemfundisha siku tatu, kang'oa nguzo mbili za uzio na mti mmoja wa mpapai, na siku ya nne alinyoosha mistari kunishinda. Sikumwomba aniambie anafikiri nini kuhusu wewe. Kasema mwenyewe, akiwa juu ya kiti, injini inanguruma: ukitoka, utakuta kitanda chako kiko chumba cha nje, na mlango wa ndani una komeo jipya. Kasema nikuandikie hivyo hivyo, nisilainishe.

Ujumbe wa baba nimeupokea. Niliusoma tena bandani, nikaenda nyuma ya ghala nikapiga ukuta kwa ngumi mpaka vidole vikachubuka. Ndipo nikaogopa, Kaka. Nilimwona huyo aliyekuwa anapiga ukuta, na nilimfahamu. Nikarudi ndani, nikanawa damu, nikawaambia shemeji na dereva nilichokifanya, ili wajue.

Askari wa lango la gereza kaniambia siku ya kuwatembelea wafungwa ni Jumapili. Jumapili hii sitakuja. Nimejaribu kuvaa viatu mara mbili, nimeshindwa. Ile nyingine nitajaribu tena, na nikishindwa nitakuandikia kwamba nimeshindwa.

Mdogo wako